Bunduki imetoka kwenye dari la tembe la babu, Tabora. Ni ya Mjerumani kweli? Wasoma mihuri njooni

Kipande_cha_Tembe

Wakuu, habari za jioni. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Familia yetu ina tembe la zamani Itetemia, nje kidogo ya Tabora mjini. Mchwa wameshalimaliza, na mwaka huu tukaamua kulibomoa kabla halijamwangukia mtu. Siku ya tatu kijana aliyekuwa juu anapiga jembe kwenye udongo wa dari akasema amegonga chuma. Tukashusha kifurushi. Gunia la katani limeoza, ndani yake ngozi ya mbuzi imekakamaa kama ubao, ndani ya ngozi bunduki. Ndefu, ukiisimamisha inanifika kifuani. Ilikuwa inanuka mafuta ya mbarika mpaka leo, fikiria.

Tulimpigia mwenyekiti wa mtaa, naye akawapigia polisi. Wamekuja, wameandikisha, tumetia saini, wameondoka nayo. Kwa hiyo mnaonifuata faragha na "mnauza bei gani", haiko nyumbani, na hata ingekuwepo jibu lingekuwa hilo hilo.

Sasa kisa chenyewe. Tangu nipo mdogo tunaambiwa babu mzaa babu alikuwa askari wa Mjerumani. Msibani inasemwa, harusini inasemwa. Mjomba alipoiona tu akapiga makofi: "Si niliwaambia? Hiyo hapo Mauser ya Mjerumani!" Shida ni kwamba kabla polisi hawajafika, mjomba huyo huyo alishachukua msasa akaanza kuisugua, eti ing'ae, wakija waone mali. Alishamaliza karibu upande mzima wa kushoto ndipo nikamnyang'anya.

Askari mkubwa aliyekuja alikuwa mtu muungwana. Aliikagua kwanza, akahakikisha haina risasi, halafu akaniruhusu nipige picha, na nilipomwomba akaniacha niweke karatasi ya daftari juu ya maandishi nisugue penseli, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni na sarafu. Kilichotoka ni neno "NATIONALE", na chini yake "HERSTAL". Mwanzo wa mstari umeliwa na kutu, mwisho umeliwa na mjomba. Kuna namba ya tarakimu nne kwenye chuma kikubwa, na kwenye bolti, kile chuma cha kusukumia risasi, kuna namba nyingine kabisa, haifanani hata tarakimu moja. Kwenye kitako kuna alama ya duara, imefutika.

Kijerumani sikijui, ila hilo "Nationale" halinikai sikioni kama Kijerumani. Picha nne nimeweka chini. Wajuzi, ni nini hii?

Mchimba_Rupia

Mkuu hapo msiondoke. Palipo na bunduki ya Mjerumani pana mali ya Mjerumani. Chimbeni chini ya kizingiti cha mlango.

Bongo_Sihongwi

Uzi wa chai huu. Tembe la udongo likae na chuma miaka mia lisianguke?

Dada_Kaliua

Bongo_Sihongwi, tembe likikarabatiwa kila mwaka linakaa. Umekulia ghorofani wewe, pole. Mleta uzi, nakaa hapa nasubiri. Nafundisha Historia sekondari, na hili neno la pili limenistua.

Ghala_Namba_Tatu

Marahaba kijana. Nimetumika miaka ishirini na kitu ndani ya ghala la silaha, kazi yangu ilikuwa kusafisha, kuhesabu na kuandika namba. Sasa nimestaafu, nafuga nyuki Urambo. Picha zako zina giza, kwa hiyo nitakuuliza maswali kabla sijasema neno. Ukikimbilia jibu kwenye silaha ya kale unaumbuka.

Moja. Kishikio cha bolti kimenyooka upande kama tawi, au kimepinda kwenda chini?

Pili. Chini ya tumbo, mbele ya triga, kuna kisanduku kimechomoza, au tumbo ni laini?

Tatu, na hili ndilo kubwa. Tazama mdomo wa mtutu. Je, ni bomba moja, au ni bomba ndani ya bomba?

Kipande_cha_Tembe

Mzee wangu, nimekuza picha. Kishikio kimenyooka. Kisanduku kipo, chembamba, kimechomoza. Na mdomo... nimeshtuka. Ni bomba ndani ya bomba kweli. Nilidhani mtutu ni mnene tu.

Ghala_Namba_Tatu

Basi tumefika.

Hiyo ni Mauser, mjomba hakukosea jina. Lakini Mauser ni jina la ndugu waliobuni mtambo kule Oberndorf, Ujerumani, si jina la nchi iliyoibeba. Mtambo wao ulinunuliwa na dunia nzima: Ubelgiji, Uturuki, Hispania, Sweden, Argentina na wengineo, kila mmoja na umbo lake, kila mmoja na risasi zake. Ni kama kanga: mchoraji wa Zanzibar, kiwanda cha India, anayejifunga ni bibi wa Tabora. Ukiuliza "kanga ya nani" utapata majibu matatu, yote ya kweli.

Yako ni ya Ubelgiji, modeli ya 1889. Herstal ni mji kando ya Liège. Kiwanda cha Fabrique Nationale, ambacho watu wanakiita FN, kilianzishwa mwaka huo huo wa 1889 kwa kazi hiyo hasa: serikali ya Ubelgiji ilitaka bunduki 150,000 za aina hiyo. Risasi yake ni milimita 7.65, ya Mjerumani ilikuwa 7.92, haziingiliani. Na hilo bomba la nje ndilo kitambulisho ambacho hata mtoto anaweza kukisoma. Walivika mtutu koti la bati la chuma ili mtutu ukipata moto usisukumane na mbao, shabaha ibaki mahali pake. Wazo zuri kwenye karatasi. Kwenye mvua, maji yanaingia kati ya koti na mtutu hayatoki, kutu inakula ndani kwa ndani huku nje kunang'aa. Ndiyo maana nasema hata ingekuwa safi kiasi gani, mtu asije akadhani inafaa kupigwa.

Namba za bolti na za bodi kutofanana maana yake bolti si yake ya kuzaliwa. Inatokea ghalani: bunduki kumi zinafunguliwa kusafishwa, askari wana haraka, bolti zinabadilishana. Au ilivunjika ikafungwa ya marehemu mwenzake. Bunduki ambayo namba zake zote zinafanana ama ilitunzwa vizuri mno, ama haikufanya kazi.

Mwambie mjomba, kwa heshima zote: msasa ule umefuta zaidi ya kutu. Pembeni mwa chuma huwa kuna herufi ndogo zenye nyota au taji juu yake, ndizo saini za wakaguzi wa kiwandani. Hizo ndizo zingetuambia mengine. Chuma kikigongwa muhuri, chembe zake chini ya herufi hubanwa, na mafundi wa maabara ya polisi wanaweza kuiamsha namba iliyofutwa kwa dawa. Lakini hiyo ni kazi yao kwa kesi za mauaji, si kwa ajili ya historia ya ukoo wenu.

Kipande_cha_Tembe

Duh. Mbelgiji. Sasa babu alikuwa askari wa nani?

Bongo_Sihongwi

Babu alikuwa upande wa pili 😂 Mmeimba miaka yote harusini bure.

Msasi_wa_Ugalla

Ngoja kwanza, isije ikawa mnamhukumu mzee wa watu. Mimi nimewahi kuona bunduki ya zamani ina duara la yai, ndani herufi ELG na kinyota chini, juu yake taji. Nikaambiwa hiyo ni Mbelgiji. Lakini bunduki yenyewe ilikuwa ya kuwindia, ya mitutu miwili. Kwa hiyo alama ya Mbelgiji si lazima jeshi la Mbelgiji.

Ghala_Namba_Tatu

Msasi umesema kweli. ELG ndani ya yai ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège. Kila mtutu ulipigwa risasi nzito ya kujaribia, usipopasuka unagongwa muhuri. Taji liliongezwa juu mwaka 1893, kwa hiyo yai lisilo na taji ni la zamani zaidi ya hapo. Liège iliuzia kila mtu, kuanzia wafalme hadi wafanyabiashara wa pembe, kwa hiyo ukiona ELG peke yake usiseme jeshi. Sema "ilijaribiwa Liège", ukomee hapo.

Huu ndio ugonjwa wa wasoma mihuri. Mtu anaona muhuri mmoja anatangaza nchi. Bunduki ya jeshi iliyostaafu ni kama pasipoti ya dereva wa malori: kuna muhuri wa alikozaliwa, wa waliomkagua, wa aliyemwajiri, wa aliyemkarabati, na mara nyingine wa aliyemuuza.

Chukua Lee-Enfield ya Mwingereza, ile ya .303 ambayo wengi wenu mmeona mgambo au askari wa wanyamapori wakiwa nayo, mnaita Mark Three na Mark Four. Kwenye Mark Three tazama mkono wa kulia, kwenye ukanda wa chuma unaoshika shingo ya kitako. Juu kuna taji, chini yake herufi za mfalme: ER ni Edward, GR ni George. Kisha jina la kiwanda: ENFIELD, au BSA Co ya Birmingham, au LSA Co ya London. Ukikuta LITHGOW ilitoka Australia. Ukikuta ISHAPORE ilitoka India, na hapo herufi za mfalme mara nyingi ni GRI kwa sababu kule alikuwa mfalme na kaizari kwa pamoja. Mhindi alipopata jamhuri yake akaondoa taji akaweka simba wa Ashoka na herufi RFI. Chini kabisa mwaka, na modeli: ShtLE III, na nyota kama ni ile iliyorahisishwa wakati wa vita.

Bado hapo hujasoma umiliki. Umiliki ni ule mshale mpana, kama unyayo wa kuku. Mshale peke yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya C ni Canada. Wenye herufi D ni Australia, wenye I ni India, ndani ya U ni Afrika Kusini ya wakati ule. Na ukikuta mishale miwili inagusana vichwa, imekuwa kama nyota, hiyo imeuzwa. Serikali imenawa mikono. Huo ndio muhuri wa kustaafu.

Kitako chake upande wa kulia huwa na kisahani cha shaba chenye jina la kikosi na namba ya bunduki ndani ya kikosi. Nyingi mtaona tundu tu, kisahani kimeng'olewa. Baadaye waliacha kuviweka.

Herufi nyingine za kuchunga: FTR na mwaka, maana yake ilirudi kiwandani ikatengenezwa upya yote. DP maana yake ya gwaride tu, isipigwe. Nimeshaona mtu anajisifu ana bunduki imeandikwa DP pande nne, akidhani ni jina la kiwanda!

Dada_Kaliua

Mzee Ghala, ungekuja darasani kwangu siku moja tu.

Msasi_wa_Ugalla

Na Mark Four je? Maana hiyo mara nyingi haina jina la kiwanda, ina namba namba tu.

Ghala_Namba_Tatu

Makusudi. Wakati wa vita ya pili Mjerumani alikuwa anatupa mabomu viwandani, wakaficha majina. M47C ni BSA ya Shirley. F ni Fazakerley kule Liverpool, M ni Maltby. Zilizoandikwa LONG BRANCH ni za Canada, na zilizoandikwa U.S. PROPERTY zilitengenezwa na Savage Marekani kwa ajili ya Mwingereza. Hebu fikiria: bunduki ya Mwingereza, imetengenezwa Marekani, imeandikwa mali ya Marekani, imebebwa na Mnyamwezi. Nani mwenyewe?

Na Mjerumani vile vile. Enzi za Hitler ukikuta "byf" ni Mauser Oberndorf, "bnz" ni Steyr ya Austria, "dot" ni Brno. Herufi tatu tu na mwaka. Lakini ile ya vita ya kwanza aliandika jina zima: mji, kama Spandau au Erfurt au Danzig, taji juu yake, mwaka chini, na ubavuni "Gew. 98" kwa yale maandishi yao yaliyovunjikavunjika.

Mtoto_wa_Kibirizi

Wakuu niko Kigoma. Kwetu huku ukitaja mihuri watu wanafikiria kitu kingine kabisa. Kwa miaka mingi mpakani zimekuwa zikikamatwa hizi za kipindi chetu, na watu husema "AK ya Mrusi" kwa kila AK. Si kweli. Marehemu baba alikuwa mgambo, akaniambia tazama alama ya kiwanda na herufi za kubadilishia risasi. Nyota yenye mshale ndani ni Tula, pembetatu yenye mshale ndani ni Izhevsk, hizo ndizo za Mrusi. Namba 66 ndani ya pembetatu ni China. Duara mbili zenye 10 katikati ni Bulgaria. Yai lenye 11 ni Poland. Kwenye kibadilishio, Mrusi ana herufi zake za Kisirili, Mjerumani wa Mashariki ana D na E, Mchina ana maandishi yake au L na D. Na ile SKS ambayo polisi wetu huandika SAR, ikiwa na 26 ndani ya pembetatu ni ya Mchina.

Ghala_Namba_Tatu

Baba yako alifundishwa vizuri. Ndiyo maana nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, moja ya mambo yake ni kila silaha ya serikali iwekwe alama ya nchi inayoimiliki sasa. Ya kiwandani inasema kuzaliwa tu. Ikipotea ghalani ikaokotwa Kasulu, alama ya pili ndiyo inayosema ilipotea kwa nani. Tuishie hapo kwa hizo, uzi ni wa babu.

Mchimba_Rupia

Sawa lakini mali?

Bongo_Sihongwi

Nauliza kwa nia njema sasa. Kama Wazungu walikuwa na bunduki zote hizo, mbona kwetu vijijini mpaka leo ukikamatwa ni na gobore?

Dada_Kaliua

Swali lako la kwanza la maana leo, na jibu lake wengi hawalijui. Kabla ya wakoloni Unyamwezi ilikuwa imejaa bunduki. Misafara ya pembe ilikuwa inapita Tabora kwenda Ujiji, na majeshi ya Ulaya kila yalipobadilisha silaha, za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara zikaishia Zanzibar. Kwanza za kiberiti na utambi, kisha gumegume la jiwe, kisha za fataki. Mirambo mpaka anakufa 1884 alikuwa na watu wenye bunduki wa kutisha. Isike naye, mtemi wa Unyanyembe, Wajerumani hawakumpata kirahisi mpaka Januari 1893.

Mwaka 1890 Wazungu wakakutana Brussels, wakasema wanakomesha biashara ya utumwa. Ndani ya mkataba huo huo wakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kuanzia latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Walichoruhusu ni gumegume lisilo na mikwaruzo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika abaki na ya kupakia mdomoni, sisi tubaki na ya kupakia nyuma. Mafundi wetu wakaendelea na ujuzi ulioruhusiwa. Gobore halikubaki kwa sababu hatujui kingine.

Haya, turudi kwa babu. Mleta uzi, kabla hamjambadilishia babu jeshi naomba nitetee familia yako kidogo.

Askari wa Mjerumani alipoanza vita mwaka 1914, wengi walikuwa na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja ya milimita 11 na baruti ya moshi. Ukipiga tu wingu linasema uko wapi. Tanga, Novemba 1914, wakawapokonya Waingereza mamia ya bunduki. Ikaja meli ya Rubens mwaka 1915, ikaja Marie 1916 pale Sudi, zikaleta nyingine. Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, Ngomano wakachukua za Mreno. Sasa sikiliza: Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, anasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Alizokabidhi zilikuwa bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani linasalimu amri likiwa na bunduki za adui zake!

Kwa hiyo babu kuwa na bunduki ya Mbelgiji hakumtoi kwa Mjerumani. Angeweza kuiteka.

Ghala_Namba_Tatu

Mwalimu, nakubali kabisa. Muhuri hauwezi kukuambia mkono. Ila naongeza uzito upande wa pili. Mbelgiji hakuwa mgeni hapo kwenu. Aliichukua Kigoma Julai 1916, Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali wao Tombeur baadaye alipewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora ndani yake. Hapo mjini walikaa mpaka mwanzoni mwa 1917 wakawaachia Waingereza. Askari wao wa Kongo walianza vita wengi wakiwa na Albini za risasi moja, na hizi za 1889 zikawafikia. Bunduki ya aina hiyo kufia Tabora si ajabu hata kidogo. Ajabu ni nani aliipandisha darini.

Mtoto_wa_Kibirizi

Na Kigoma walikaa zaidi, mpaka 1921. Hata baada ya hapo walipewa eneo lao bandarini, wazee bado wanaita Belbase. Mwana Tembe, jaribu kuwauliza wazee wenu jina alilokuwa analitumia huyo babu, si jina la vitabuni. Huku kwetu wazee hawakuwa wanasema "Mbelgiji".

Kipande_cha_Tembe

Walikuwa wanasemaje?

Mtoto_wa_Kibirizi

Uliza kwanza. Sitaki nikutie maneno mdomoni.

Kipande_cha_Tembe

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya wa siku tatu, nilikwenda Sikonge kwa bibi mdogo. Ndiye mtoto wa mwisho wa huyo babu aliyebaki, miaka tisini imeshapita na masikio yamegoma, lakini kichwa kipo. Nimemsalimia mwangaluka nikiwa nimepiga goti, akanishika kichwa, tukaanza na habari za mvua, za tumbaku, za nani amekufa. Saa nzima. Sikuthubutu kuharakisha.

Nilipotaja bunduki hakushtuka. Akasema, "Mmeitoa? Baba alisema isitolewe." Nikamuuliza, bibi, ile ni ya Mjerumani? Akasema, "Nani kakwambia Mjerumani? Ile ya Bulamatali."

Wakuu, hilo jina tumelisikia maisha yetu yote. "Bunduki ya Bulamatali." Lipo hata kwenye maneno ya kumsifia babu siku ya matambiko. Sisi wote, mjomba akiwemo, tulijua Bulamatali ni mtu. Rafiki wa babu, au mtani wake. Baba yangu aliwahi kuniambia Bulamatali alikuwa mganga!

Mtoto_wa_Kibirizi

Ndilo nililokuwa nalisubiri. Bula Matari. Kikongo, mvunja mawe. Lilianza kama jina la Stanley alipokuwa anapasua njia kule chini Kongo, likahamia kwa serikali yenyewe. Askari wa Kongo waliovuka ziwa walikuwa askari wa Bula Matari, na Mzungu wao Bula Matari. Mganga wenu ni serikali nzima.

Bongo_Sihongwi

😂😂😂 Nimekaa chini. Mnatambikia serikali ya Ubelgiji.

Dada_Kaliua

Na bibi alisema babu aliipataje?

Kipande_cha_Tembe

Hapa ndipo kuna utamu na uchungu. Babu hakuwa askari. Alikuwa pagazi. Alibeba kwa Mjerumani mpaka Mjerumani alipokimbia Tabora, halafu walioingia nao wakamkamata abebe, akaenda nao mbali upande wa Mahenge. Bibi anasema baba yake hakupenda kulisimulia. Alisema tu kwamba njiani askari mmoja wa Bulamatali alikuwa anaumwa tumbo, hawezi kutembea, babu akabebeshwa mzigo wake wote na bunduki juu. Askari akafa usiku. Asubuhi wakahesabu watu, hawakuhesabu mizigo. Babu akarudi nyumbani na mzigo.

Hakuwahi kuipiga. Bibi anasema hata risasi hakuwa nazo. Nilimuuliza kwa nini basi aliitunza miaka yote, akaipaka mafuta. Akaniangalia kama nimeuliza ujinga. "Alibeba vya watu miaka yote ile. Hicho kimoja kilikuwa chake."

Dada_Kaliua

Mahenge waliingia Oktoba 1917. Inaingiana kabisa.

Ghala_Namba_Tatu

Nimesoma mara mbili. Na zile namba mbili zisizofanana, sisemi kitu.

Kwa upande wa karatasi: bunduki kama hiyo mko nje ya sheria mkiwa nayo bila kibali, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina kipengele cha "ni ya babu". Mlifanya vizuri kuripoti siku hiyo hiyo. Mnaweza kuandika barua kuomba isiyeyushwe na vyuma vingine, iangaliwe kama kitu cha makumbusho baada ya kuharibiwa mtambo wake. Andikeni mapema, ambatisheni picha, na ile karatasi ya penseli pigeni nakala. Asilia msimpe mtu.

Kipande_cha_Tembe

Barua nimeshaanza, mzee. Dada_Kaliua nitakufuata faragha unisaidie lugha. Karatasi ya penseli ameshika bibi mdogo, nilimpelekea aione, akaikunja akaiweka kwenye kibindo cha kanga. Sikuweza kumwomba. Nina picha yake.

Mjomba nimempa habari kwa simu. Amenyamaza muda mrefu, halafu akasema harusi ya Desemba tutasema vipi.

Msasi_wa_Ugalla

Semeni pagazi. Mnyamwezi gani anaona haya kuitwa pagazi?

Mchimba_Rupia

Wakuu nimesoma uzi wote. Kwa hiyo chini ya kizingiti hamjachimba?

Kipande_cha_Tembe

Mkuu, jembe analo mjomba. Msasa pia anao yeye. Mfuate.